Bwana Harusi Asiye na Viatu

Marahaba nawapa kabla hamjaniamkia, maana nawajua: simu iko mkononi na macho yamo humo humo. Si vibaya. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo na kamera yangu, mama akiniita kula mpaka chakula kinapoa.

Jina langu ni Tausi. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa mpiga picha hapa Ujiji, na nimestaafu kwa sababu ya jicho, si kwa sababu ya kuchoka. Nimepiga harusi, arobaini za watoto, mahafali, wakubwa waliokuja kufungua visima, na hata marehemu pale familia zilipotaka. Lakini kazi iliyonilisha siku za kawaida ilikuwa zile picha ndogo za pasipoti. Kigoma ni mji wa watu wanaofika na watu wanaoondoka, na wote hao lazima wapigwe picha.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaoifanya kazi hii sasa. Naona kila mtaa una binti aliyeolewa na mtu aliye ng'ambo, anasubiri viza ya kumfuata mumewe, na barua ya kuitwa kwenye usaili ikifika tu, mtu wa kwanza kukimbiliwa ni mpiga picha. Mimi nilimkosea mmoja wa mabinti hao. Nitawaeleza nilivyomkosea, na mengine nitayachomeka humo humo kadiri yatakavyonijia.

Nianze na picha ndogo, kwa kuwa ndiyo rahisi. Mteja aliyesuka leo mwambieni arudi baada ya siku mbili tatu. Nywele zikiwa bado zimekazwa, nyusi zinapanda mpaka juu, na afisa anapewa picha ya mtu aliyeshtuka. Poda ifutwe, inarudisha mwanga. Anayevaa mtandio aufunge anavyoufunga siku zote, ila uso uonekane wote, kidevu mpaka paji. Na msimlainishie mtu ngozi kwenye kompyuta. Niliwahi kumwondolea mzee mmoja wa Simbo kovu la shavuni, nikaona nimemfanyia hisani. Alipopeleka picha dirishani uhamiaji wakamwambia huyu si wewe. Alirudi kwangu amekunja uso. "Binti," akasema, "hilo kovu nimekaa nalo tangu ujana. Nirudishie." Nikampiga upya, kovu na vyote.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Feruzi. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, yeye akazaliwa Bangwe, akafungua studio karibu na soko la Mwanga. Alinichukua kwa sababu moja ambayo wala hakuificha. Harusi ya Kiislamu ya Ujiji ina pande mbili, na yeye alikuwa na ruhusa ya upande mmoja tu. Wanaume aliwapiga mwenyewe. Kwa wanawake, ambako mitandio inavuliwa na ngoma inachezwa inavyotakiwa kuchezwa, alihitaji mwanamke. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikujua hata kupachika filamu. Ya kwanza niliyopachika haikushika meno ya kamera, nikapiga harusi nzima hewani. Bwana Feruzi hakunifokea. Alinipeleka kwa mama wa bibi harusi nikaombe radhi mwenyewe, na yeye akakaa barazani kunisubiri. Ningependelea kufokewa.

Baada ya hapo nikawa napiga nyuso tu, nyuso tupu, maana niliogopa kukosa watu. Akazitandaza mezani, akatikisa kichwa. "Kamata mikono kwanza," akaniambia kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa. "Sura itakuya yenyewe. Mutu akiona kamera anakaza sura. Mukono anaisahau." Tangu siku hiyo nikawa naanza na mikono: mkono wenye hina, mkono wa bibi anayefunga kanga, mkono wa mama ndani ya mkono wa bintiye anayeolewa. Jaribuni na ninyi mtaona.

Wanawake wa Ujiji walinikubali kwa masharti. Picha za upande wao nazisafisha mimi, si mwanamume. Inatoka nakala moja ya kila picha, anakabidhiwa mama wa bibi harusi mkononi, na filamu yake anapewa. Zilipokuja kamera za kadi, sharti likahamia huko: nikishachapa, nafuta mbele yao, sibaki na kitu. Sharti la mwisho nilijiwekea mwenyewe. Nikahi ikishasomwa msikitini, bwana harusi huletwa nyumbani kumpa mkono mkewe. Akigonga mlango, wanawake wanahangaika kutafuta mitandio, bibi harusi analia au anajikaza asilie. Mimi wakati huo nilikuwa nashusha kamera. Niliona dakika ile ni yao, hainihusu. Nilijisifia sharti hili miaka mingi, mpaka siku aliyokuja Rehema.

Rehema ni binti wa Buzebazeba, fundi cherehani, mkono wake mwepesi kweli. Mama yake ni Mha wa Simbo aliyeolewa hapa mjini, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Mume wa Rehema ni Idi, mtoto wa Bangwe, naye wazee wake ni wa asili ya Kongo. Walisoma madrasa moja utotoni. Familia ya Idi ikahamia nchi ya baridi, mbali huko, naye akaenda nao akiwa kijana. Lakini hakuacha kumtafuta Rehema kwenye simu, na alipopata likizo ya wiki tatu akaja akaoa. Mtoto wa Bwana Feruzi, aliyerithi studio ya baba yake, akapiga msikitini. Mimi nikapiga nyumbani. Idi alipogonga mlango nikashusha kamera kama desturi yangu. Wiki ya tatu ilipokwisha akaondoka, na maombi ya viza ya mke yakapelekwa.

Wakasubiri mwaka mzima na miezi juu yake. Kusubiri huko msikuchukulie juu juu. Rehema alikuwa hapokei tena vitambaa vya harusi za mbali, maana hakujua kama atakuwepo. Idi alikuwa anapiga simu akitoka kazini, huku kwetu Rehema anakunywa chai ya asubuhi, na mama yake alishazoea kumimina chai huku mkwewe anazungumza kwenye simu iliyowekwa mezani. Kilichomchosha zaidi ni salamu za watu. Watu wetu hawana ubaya, lakini walikuwa na swali moja. Akienda kununua dagaa, "Eh, Rehema, bado upo?" Akienda msibani, "Kumbe bado upo?" Mwishowe akawa anazunguka njia ya nyuma kwenda sokoni.

Barua ikafika: aende Dar es Salaam kwenye usaili, na achukue ushahidi wa ndoa, picha za harusi zikiwemo. Alikuja kwangu siku hiyo hiyo, karatasi bado ina joto la mashine ya steshenari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, naomba ile picha yetu ya harusi. Mimi na Idi."

Nikamwambia hiyo haipo. Hakunielewa.

"Haipo vipi, Bibi? Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Alipoingia niliishusha kamera."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa heshima, mwanangu."

Akaitazama ile karatasi yake, kisha akanitazama mimi. "Sasa heshima nitaionyeshaje dirishani?" akauliza. Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Picha za simu walikuwa nazo. Wanakula samaki wetu wa migebuka ufukweni Kibirizi, wamesimama stesheni siku Idi anaondoka, mambo kama hayo. Lakini za harusi yenyewe walikuwa na Idi bila Rehema, na Rehema bila Idi. Nilijihisi vibaya sana, na nikitaka kusema kweli, nilihisi vibaya zaidi kwa sababu ya sifa yangu.

Hapa inabidi niwaeleze kuhusu picha za kuunganisha, kwa kuwa ninyi mnaunganisha kwa vidole viwili na hamjui ilikotoka. Zamani mtu aliweza kufiwa na baba na mama bila hata siku moja wazazi hao kusimama mbele ya kamera pamoja. Mtoto anakuja studio na picha ya kitambulisho ya baba, na ya mama aliyopigwa kwenye sikukuu. Unawakata kwa wembe, unawabandika bega kwa bega mbele ya maua ya kuchora, unapitisha penseli kwenye kingo, kisha unapiga picha upya. Nusu ya kuta za Ujiji zina wazee wa namna hiyo. Mwana aliye Mwanza anaunganishwa na ndugu zake, bibi aliyefariki anapakatishwa mjukuu ambaye hakumwona. Hakuna aliyeiita kazi hiyo uongo, wala mimi sikuiita. Walikuwa mume na mke kweli, walikuwa bibi na mjukuu kweli. Kilichokosekana ilikuwa kamera.

Kwa hiyo nilimwambia Rehema, "Usihangaike. Nitawaunganisha."

Alileta gauni lake la harusi na viatu vyake virefu, nikampiga nyuma ya nyumba yangu kwenye majani mabichi. Idi nikamtoa kwenye picha ya msikitini, amesimama peke yake, kanzu nyeupe na koti jeusi, anacheka. Siku mbili nilikaa kwenye kompyuta. Nilimpunguza kimo kidogo, nikausogeza mkono wa Rehema ukaingia kwenye kiwiko chake, nikafuta kila alama. Nilipoichapa kubwa nikaona ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Rehema aliitazama muda mrefu. "Tumependeza, Bibi," akasema, akaiweka juu ya karatasi zote kwenye faili.

Maandalizi ya usaili tuliyafanya barazani kwao. Mwambieni mteja wenu asikariri. Rehema alikuwa amelishwa maswali na kila jirani, mpaka rangi ya mswaki wa mumewe alikuwa anaikariri. Mama yake akajitolea kuwa afisa. Akavaa miwani yangu, akakaa kwenye kiti peke yake, akakunja midomo.

"Mume wako anapenda chakula gani?"

"Ugali na migebuka," Rehema akajibu haraka.

"Si kweli. Wiki zote tatu alikula wali. Migebuka alikuwa anakuachia wewe."

"Mama, watu wote wa Bangwe wanapenda migebuka."

"Mimi sijaulizia watu wote wa Bangwe. Nauliza mkwe wangu."

Tulicheka, lakini mama alikuwa na hoja. Ajibu analolijua yeye, hata kama halipendezi. Asilolijua aseme silijui. Hilo tulilirudia mpaka likamkaa, na la picha hatukuligusa kabisa, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeona kuwa lina swali.

Akapanda treni akaenda. Siku ya usaili nilikuwa nasafisha dagaa, simu ikalia, ni yeye.

"Bibi," akasema, "Idi hana viatu."

Nilidhani safari imemchanganya. Nikamwambia atulie, aanze upya. Akasema tena, polepole, Idi hana viatu, Bibi, kwenye picha.

Baadaye alinisimulia vizuri. Afisa alikuwa mwanamume mpole, Kiswahili chake cha darasani. Aliuliza habari za madrasa, za wakwe, za chakula, na Rehema akajibu vizuri, mpaka la wali. Kisha akaivuta ile picha kubwa. Hii ilipigwa wapi? Ujiji. Lini? Siku ya harusi. Alijibu hivyo bila kufikiri, maana akilini mwake ndivyo ilivyokuwa. Afisa akaigeuza picha imwelekee, akaweka kalamu kwenye majani. Viatu vya Rehema vilikuwa vimezama kwenye majani. Idi alikuwa amesimama juu ya majani hayo hayo na soksi nyeupe, safi, kama mtu aliyetoka kuswali, kwa sababu ndiko nilikomtoa. "Mume wako mbona hana viatu?" afisa akauliza. Na tena, mbona jua lake liko kulia na lako liko kushoto? Rehema akainamia picha kuitazama miguu ya mumewe. Afisa akafunga faili, akampa karatasi: alete maelezo ya maandishi kuhusu picha hiyo. Yasiporidhisha, itahesabiwa amedanganya, na aliyedanganya hapewi viza, si mwaka huu wala mwaka mwingine.

Nilifungua kompyuta kuitazama. Miaka thelathini ya kazi. Nilikagua mikono, nikakagua nyuso, nikakagua hata vifungo vya koti. Miguu sikuikagua.

Idi alinipigia siku iliyofuata. Nilimpokea kwa hofu.

"Bibi Tausi, shikamoo. Mimi huku nafanya kazi nahesabu siku, wewe unanisimamisha bustanini na soksi?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Si mimi wa kuombwa samahani, Bibi. Wakilifunga faili hapa, mimi siwezi kuacha wazazi huku, wamezeeka. Na yeye hawezi kuja. Tutakuwa mume na mke wa kwenye simu mpaka lini?" Kisha akashusha sauti, akaniuliza kama afya yangu ni njema. Hapo ndipo nilipolia, kwa sababu alikuwa amekasirika na bado akaniuliza hali.

Nilikwenda kwa wakili nikiwa na picha zote tatu: ya Idi msikitini, ya Rehema kwenye majani, na ile niliyoitengeneza. Nikamwambia nataka kuapa. Akauliza kama nina hakika nataka kuandika kwamba nimetengeneza picha. Nikamwambia nimetengeneza mamia. Nikazunguka nyumba nne za Ujiji nikiazima wazee wangu wa kuunganisha ukutani, nao tukawaambatanisha, ili anayesoma aone kuwa kwetu ni desturi ya studio na si hila ya viza. Nikaeleza na habari ya kamera niliyoishusha. Wakili aliandika mpaka mkono ukamchoka.

Lakini bado hakukuwa na ushahidi wa ile siku nyumbani, ila picha za upande wa wanawake. Kwangu nilishazifuta. Zilikuwa kwenye sanduku la mama yake Rehema, zimefungwa ndani ya kanga, na humo haukuingia mkono wa mtu.

Nikamwomba azitoe. "Mawe we," akasema kwa Kiha, yaani mama wee. "Tausi, dada yangu yumo humo." Nilijua. Dada yake alikuwa amefariki miezi sita baada ya harusi, na ndiye aliyecheza kuliko wote siku ile, kichwa wazi, kanga kiunoni. "Yumo bila mtandio. Nimpeleke kwa wanaume wasiomjua, naye hana tena mdomo wa kukataa?"

"Sikulazimishi, dada."

"Wewe ndiye uliyetuapia kwamba hazitaonekana."

"Mimi ndiye."

Akaniacha niondoke. Siku tatu sikusikia neno. Rehema alikuja kunisalimia, lakini hakuligusa jambo hilo, maana alikuwa anamwogopea mama yake, na mama yake alikuwa anamwogopea marehemu. Siku ya nne nikaitwa.

Mama alikuwa ametandika mkeka chumbani na kuzipanga picha zote juu yake. Nilikuwa sijaziona tangu siku nilipozikabidhi. Mikono ya hina, mikono ya mashangazi wakipiga makofi, marehemu dada yake katikati ya ngoma amefumba macho. Mwishoni kabisa palikuwa na moja mbovu, imeyumba, nusu yake dari. Ilijipiga yenyewe nilipokuwa nashusha kamera, kidole kilibaki kwenye kitufe. Nilitaka kuitupa, lakini mama Rehema alihesabu picha zake zote na akaitaka na hiyo.

Nikavaa miwani nikaiinamia. Kila mwanamke kwenye picha hiyo ameshika mtandio nusu njia, mmoja amevuta hata kitambaa cha meza. Na wote wanatazama mlangoni. Rehema yuko kwenye kiti chake, hina mpaka viwikoni, naye anatazama huko huko. Mlango wenyewe hauonekani. Uso wake, vijana, nilikuwa sijauona siku ile. Nilikuwa nimeshainamisha macho pamoja na kamera.

"Ipeleke hiyo," mama akasema. "Na hizo nyingine. Lakini aziangalie mwanamke."

Rehema alipopewa tarehe nyingine, nilikwenda naye Dar es Salaam. Ndani hawakuniruhusu, nikakaa ng'ambo ya barabara kwenye ngazi za duka la vipuri. Yeye alipofika dirishani alitoa kiapo changu, akasema picha nyingine anazo lakini mama yake ameweka sharti. Alisema aliogopa, maana nani anakwenda na masharti mahali kama pale. Wakamwambia asubiri. Alisubiri mpaka watu wote aliowakuta wakaisha. Ndipo akaja mama mmoja afisa, akamwita kwenye chumba kidogo, akafunga mlango.

Yule mama alisoma kiapo chote. Akamuuliza kwa nini mara ya kwanza alisema ile picha kubwa ilipigwa siku ya harusi. Rehema akajibu, "Nilikosea. Nilitaka iwe imepigwa siku hiyo." Kisha afisa akazipitia picha za kwenye kanga, moja moja, taratibu. Ile mbovu akaishika zaidi.

"Hapa wanamtazama nani?"

"Mume wangu. Ndiyo anaingia."

"Yeye mbona haonekani?"

"Mwenye kamera aliishusha. Yuko nje, ng'ambo ya barabara."

Rehema anasema yule mama aliiweka kalamu mezani. Alizigeuza picha zote kifudifudi, akazifunga mwenyewe ndani ya kanga, akamrudishia kwa mikono miwili. Jibu litakuja, akasema, mrudi nyumbani.

Tukarudi. Miezi ikapita, mvua zikaanza zikaisha, na watu wakaendelea na "bado upo" yao. Safari hii Rehema aliacha kuzunguka njia ya nyuma. Aliwajibu, "Nipo," akanunua dagaa wake akaondoka. Kisha siku moja akanijia mbio, kidole bado kina kifuniko cha kushonea, pasipoti mkononi, viza imo ndani. Mama yake alizirudisha picha kwenye sanduku kabla hata ya kuanza kumfungia mwanawe mizigo.

Mniulize nilibadilisha nini katika kazi. Mambo mawili tu, maana nilibakiwa na miaka michache. Kila picha ya kuunganisha nilianza kuandika nyuma yake, kwa penseli, kwamba imeunganishwa na nani na lini. Penseli haifutiki kwa unyevu kama wino, na unyevu wa ziwa mnaujua. La pili, kabla ya harusi nilianza kumuuliza bibi harusi mwenyewe: akigonga, nishushe au niinue? Wengine walisema shusha. Wengi walisema inua, Bibi, lakini ngoja tujifunike. Nikawa nawangoja wajifunike. Kumbe haikuwa kazi kubwa kiasi hicho.

Mwezi uliopita binti yangu aliniletea simu, akasema kuna kitu kutoka kwa Rehema. Akaikuza mpaka jicho langu moja likaweza. Wamesimama nje ya nyumba, kila kitu cheupe, barafu mpaka kwenye ngazi. Aliyewapiga ni jirani. Picha imepinda, kichwa cha Idi kimekatwa juu, na pembeni pameingia kidole cha aliyepiga.

Nilianza na miguu. Wote wawili wana viatu, vikubwa, vimezama kwenye barafu sawasawa. Kisha nikapanda nikatafuta mikono. Mkono mmoja wa Rehema umeshika mtandio usipeperuke. Mwingine sikuuona, wala mmoja wa Idi sikuuona. Yote miwili imo ndani ya mfuko mmoja wa koti.

Binti yangu akauliza kama aninyooshee picha kidogo na kukifuta kile kidole. Nikamwambia aiache.